Dume la Siku Mia

Sehemu ya Kumi na Moja

Wiki nzima Asteria amesimama nje ya stoo ya chokaa, mkono kwenye komeo, sikio kwenye bati, akimsikiliza mtu anayeguna ndani. Ninyi wasomaji mmenijazia simu ujumbe mkidai humo ndani kuna mapenzi. Poleni. Sasa tumruhusu binti wa watu afungue, mkono umeshamfia ganzi.

Akafungua.

Juu ya mifuko ya chokaa alikaa Bujiku, fundi wa karasha, ile mashine ya kuponda mawe, mwanaume wa miraba minne, machozi yakimtiririka bila sauti. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeviringishwa kwa fulana ya kampuni. Damu ilikuwa imekauka juu ya maandishi, lakini bado yalisomeka: USALAMA KWANZA.

Aliyepiga magoti mbele yake na sufuria ya maji ya chumvi alikuwa Mama Limi, msimamizi wa zamu ya makarasha.

"Shikamoo, Mama Limi," alisema Asteria, maana aliyelelewa Kolandoto husalimia hata akikuta maiti.

"Marahaba. Funga mlango, mwanangu. Nzi wanaingia."

Kwa wewe uliyelinunua gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, na sijui huko nyuma ulikuwa unasoma nini, nakupa muhtasari. Hiki ni kiwanda cha Mwamba Mwema, nje kidogo ya Rwamgasa, kinachosaga mawe ya dhahabu. Miezi mitatu iliyopita ofisi iligundua kwamba wafanyakazi wanaumia mno. Mtu wa kawaida angenunua kinga za mashine. Ofisi ilinunua mtaalamu.

Mtaalamu anaitwa Davis. Alitoka Dar es Salaam na shahada mbili za saikolojia ya kazini, akatuchorea pembetatu ukutani: chini chakula, katikati usalama, juu kabisa heshima ya mtu. Wafanyakazi waliitazama kwa adabu. Kisha Davis akaleta dume la ng'ombe, jeupe, lenye nundu, akalifunga getini chini ya ubao ulioandikwa SIKU BILA AJALI. Zikifika mia, dume linachinjwa na kila mtu anapata fungu lake. Ikitokea ajali moja, hesabu inarudi sifuri.

Hapo watu wakaielewa saikolojia. Dume wakalipa jina la Motisha.

Sasa nikuulize, msomaji. Unawafungia Wasukuma dume mbele ya macho kwa miezi mitatu, unategemea nini? Siku ya ishirini walishakijua kikohozi chake. Siku ya hamsini walishaligawa kwa mdomo, kuanzia nundu hadi mkia. Siku ya tisini Mama Limi alikuwa ameshapeleka salamu Bugarama kwamba wakwe waandae sufuria ya mbavu. Nyama iliyokwisha ahidiwa ukweni si nyama tena, ni uso wa mtu. Davis hakulijua hilo, maana kitabu chake kiliandikwa mahali ambapo nyama hununuliwa ikiwa kwenye karatasi.

Siku hii tunayoizungumzia ilikuwa ya tisini na saba.

Na Asteria? Asteria ni ofisa rasilimali watu msaidizi. Kazi yake kila asubuhi ni kupanda kigoda, kuandika namba mpya kwa chaki, kisha kusaini fomu. Muda wake wa majaribio kazini unaisha siku ileile ya mia. Mambo yalipangwa vizuri kweli.

"Lini?" aliuliza akiutazama mkono.

"Juzi," alijibu Bujiku.

"Juzi niliandika tisini na tano."

"Uliandika vizuri, madamu," alisema Mama Limi. "Mwandiko wako unapendeza."

"Ni mkanda wa karasha?"

"Mkanda. Kinga yake ilitoka tangu mwezi uliopita."

"Mbona hamkusema?"

Mama Limi alikamua kitambaa taratibu. "Fomu ya hitilafu ina swali la kwanza: je, kuna mtu ameumia au angeweza kuumia? Ukijaza ndiyo, ubao unarudi sifuri. Tukawa tunajaza hapana. Baadaye tukaona kujaza hapana ni kupoteza kalamu."

"Na kwenye mashine hiyo sasa hivi yuko nani?"

"Vumilia. Ana mkono mwembamba, unapita."

 Ni Asteria mwenyewe aliyemwajiri Vumilia, miezi miwili tu iliyopita, akamhakikishia kwamba hapa wanajali watu.

"Zima ile mashine, Mama Limi."

"Kwa sababu ipi? Ukizima lazima ujaze fomu."

Walitazamana. Kisha Mama Limi akatoka, akaenda kwenye swichi kubwa, akaishusha. Kiwanda kizima kikanyamaza. Watu wakaguna, wakakaa chini, wakaanza kupiga soga. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini umeme umekatika, kwa sababu swali hilo watu walishaacha kuliuliza zamani.

Huku nyuma Asteria akaifungua ile fulana. Mama yake mzazi amekuwa muuguzi hospitali ya Kolandoto kwa miaka thelathini, na harufu ile aliijua tangu utotoni, ikirudi nyumbani kwenye sare za mama.

"Kaka Bujiku, mkono huu unanuka."

"Ni chokaa."

"Chokaa hainuki hivi. Twende kituo cha afya."

"Siku tatu tu, madamu." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba maji. "Ukinitoa leo, mimi ndiye niliyekula ng'ombe wa watu mia na arobaini. Nitaishi wapi? Nani atanisalimia? Nimeshamwambia baba mkwe anapata paja."

"Na hilo paja utamkabidhi kwa mkono upi?"

 Bujiku alikitazama kile kilichokuwa mkono wake wa kulia. Mkwe hapewi kitu kwa mkono wa kushoto, hata awe mkwe wa namna gani, na hilo halikuhitaji shahada.

"Basi nipelekeni," alisema. "Lakini nisionekane."

Hivyo ndivyo mfanyakazi wa kiwanda chenye rekodi nzuri kuliko vyote ukanda huu alivyopelekwa hospitali: amelazwa kwenye guta la mizigo, amefunikwa viroba vitupu. Pale getini Motisha alinyoosha shingo akavinusa viroba. Mlinzi aliona kiatu kimechomoza, akageuza uso na kulikagua dume kwa makini, kana kwamba leo ndiyo analiona.

Kwenye kituo cha afya walipokelewa na muuguzi Klara, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alimtazama mgonjwa, akachukua daftari.

"Chanzo cha jeraha?"

"Nimeanguka na baiskeli," alisema Bujiku.

Klara aliweka kalamu chini. Alimtazama Asteria na sare yake ya Mwamba Mwema.

"Wewe ndiye wa ofisini?"

"Ndiyo, dada."

"Afadhali leo nimekupata. Huyu ni wa kumi. Miezi mitatu hii nimepokea watu kumi wa kiwanda chenu, wote wameanguka na baiskeli. Mmoja ameungua mgongo mzima. Baiskeli. Mwingine ameingiwa machoni na dawa ya kuchenjulia dhahabu. Baiskeli. Yule wa wiki jana amevunjika bega, akaniambia alikuwa amebebwa nyuma. Hebu niambie, huko kwenu mnaendesha baiskeli za namna gani?"

 Asteria alikuwa anahesabu. Watu kumi, na yeye asubuhi zote amepanda kigoda, ameandika, amesaini. Aliona aibu ikimchoma masikio. Nisiwafiche, hata mimi ninayewasimulia nilimwonea huruma.

Daktari alikuja, akautazama mkono muda mrefu. "Vidole viwili haviponi," alisema. "Mngemleta juzi, ningeshona."

 Bujiku alipokuwa anaingizwa chumba cha ndani alimwita Asteria.

"Madamu. Vidole viwili kwa dume zima, si haba, eti?"

Alijaribu kucheka. Asteria naye alijaribu. Wote wawili walishindwa.

Alirudi kiwandani saa kumi jioni kwa bodaboda, akashukia getini. Kwenye uzio, karibu na kibanda cha mlinzi, kulikuwa na baiskeli nyeusi imeegemezwa, matairi yamekwisha upepo, tandiko limejaa vumbi. Ilikuwa ya Stanslaus, kijana wa kitengo cha marudio, ule mchanga uliokwisha sagwa unaorundikwa nyuma ya kiwanda hadi umekuwa kilima. Stanslaus aliacha kuja kazini siku ya sitini na tatu. Wenzake walisema amekimbilia migodi ya Bugarama, na Asteria akaandika kwenye jalada lake: ametoroka kazini. Tangu hapo mama yake huja kila siku ya mnada kuulizia, anaambiwa bado, anashukuru, anaondoka.

Asteria aliitazama baiskeli ile kwa muda. Katika baiskeli zote alizosimuliwa leo, hii ndiyo pekee yenye magurudumu. Kisha akapita, maana ofisi ya mtaalamu ilikuwa inakaribia kufungwa.

Davis alikuwa mbele ya kompyuta yake. Pembeni alikaa Meneja Herman akinywa chai, kazi ambayo kwa kweli huifanya kwa ufanisi mkubwa.

"Asteria, karibu," alisema Davis. "Njoo uone. Mada yangu ya mkutano wa Dar es Salaam imekamilika. Nimeiita Mfano wa Rwamgasa."

"Bujiku amekatwa vidole viwili."

Davis aliacha kubonyeza. Meneja Herman aliendelea na chai.

"Amekatwa wapi?" aliuliza Davis. "Ndani ya uzio au nje?"

"Kituo cha afya."

"Basi ni nje."

Asteria aliketi bila kukaribishwa. "Mtaalamu, siku ya kwanza ulitufundisha kwamba watu hufanya kile kinachopimwa."

"Sura ya kwanza kabisa."

"Hapa tunapima nini?"

"Ajali."

"Hapana. Tunapima taarifa za ajali. Na taarifa zimekwisha kweli, hongera. Ajali ziko palepale, ila sasa zinaenda kituo cha afya chini ya viroba na kuitwa baiskeli. Kuna watu kumi. Mkanda wa karasha hauna kinga mwezi mzima na hakuna aliyethubutu kusema, kwa sababu akisema anawanyang'anya wenzake nyama."

Nampa Davis haki yake: alipauka. Kwa muda mfupi alionekana mtu aliyesoma jambo zuri chuoni na kulikumbuka. Aliitazama ile pembetatu yake ukutani, akaitazama kompyuta yake. Kompyuta ikashinda.

"Hata siku ile marudio yalipoporomoka," alisema, "mlima mzima wa mchanga, hakuna aliyeumia. Hakuna hata mmoja. Hiyo ndiyo nguvu ya motisha, Asteria. Usiibomoe kwa maneno ya mtaani."

Meneja Herman aliweka kikombe mezani. Alivuta droo, akatoa bunda la fomu na kulisukuma mbele ya Asteria.

"Saini hizi ni za nani?"

"Zangu."

"Tisini na saba. Siyo za Davis, siyo zangu. Ukisema namba ni ya uongo, mwongo ni nani?" Aliongea kwa upole, kama baba. "Siku tatu, binti yangu. Unaandika tisini na nane, tisini na tisa, mia. Tunakula, unathibitishwa kazini, Bujiku tunamtafutia kazi ya getini. Nani atakuwa ameumia?"

Msomaji, nakushauri ulikumbuke swali hilo.

Usiku wa Asteria siusimulii. Hakulala, basi.

Asubuhi watu mia na arobaini walikuwa getini kama kawaida, wamekuja kuona namba ikipanda. Motisha alikuwa anacheua. Davis alisimama na kitambaa chake cha kufutia ubao, kama anavyosimama kila siku. Meneja Herman alikuwa na kikombe.

"Mwangaluka," alisema Asteria, akiwaamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, madamu," walijibu wote kwa furaha. Mtu mmoja nyuma akasema leo mbili tu zimebaki, watu wakacheka.

Alipanda kigoda. Davis akaifuta tisini na saba. Asteria akainua chaki. Aliogopa. Aliwaogopa watu kuliko alivyomwogopa meneja, kwa sababu meneja angemnyima kazi tu.

Akaandika sifuri.

Alishuka.  Aliyekuwa karibu naye kuliko wote ni Mama Limi, na Asteria akafanya kile ambacho amekifanya kila asubuhi tangu aanze kazi hapa.

"Shikamoo, Mama Limi."

Mama Limi hakusikia. Alikuwa hatua moja kutoka kwake na hakusikia. Akamgeukia mwingine, naye hakusikia. Kwa wenzetu wa mbali nieleze: huku kwetu dagashida, baraza la wazee, linaweza kukutoza faini ukalipa ukasahau. Adhabu yenyewe ni hii, salamu yako kutopata wa kuipokea. Mtu anakuwa hai na hayupo.

Machozi yalimtoka, lakini alisema.

"Bujiku jana amekatwa vidole viwili. Wako kumi waliotibiwa kwa jina la baiskeli, na ninyi mnawajua kuliko mimi. Mimi nimesaini uongo. Sijui ni siku ngapi, lakini leo sisaini. Vumilia, usirudi kwenye ile mashine mpaka ifungwe kinga. Nyama nimeiondoa mimi, siyo Bujiku. Mkitaka wa kumchukia, niko hapa."



"Futa," Meneja Herman alimwambia Davis. "Andika tisini na nane. Haya mengine tutayaongelea ofisini."

Davis alikiangalia kitambaa mkononi mwake kama mtu aliyeshikishwa nyoka. Kabla hajaamua, mkono mwingine ukakichukua. Ulikuwa wa Mama Limi.

Watu wakashusha pumzi. Mama Limi ni mtu mzima, mbavu zimeshaahidiwa Bugarama, atafuta. Alitembea kuelekea ubaoni. Akafika. Akaupita.

Alikwenda hadi kwenye uzio, kwenye ile baiskeli nyeusi, akaanza kulifuta vumbi tandiko lake. Alifuta taratibu, mbele, nyuma, chini, mpaka ngozi ikaonekana. Hakuna aliyecheka sasa. Wanaume kadhaa walivua kofia bila kuambiwa, na Asteria hakuelewa kwa nini.

"Marahaba, mwanangu," alisema Mama Limi bila kugeuka.

Kisha akageuka.

"Sifuri yako haijatosha. Mtu hatoroki kwenda Bugarama akaacha baiskeli. Siku ya sitini na tatu marudio yalipoporomoka, meneja alikuja hapa akatuuliza: kuna aliyekuwa kule chini? Tulijua yupo. Alikuwa ametoka kuniomba maji." Alikikunja kitambaa, akaendelea. "Tukaliangalia dume. Tukajibu hapana. Meneja akasema vizuri, na kesho yake akaleta greda kusawazisha."

Kikombe cha Meneja Herman kilianguka na hakuna aliyekitazama.

Davis aliketi kwenye kigoda.  Na hapo ndipo Motisha alipoinua kichwa na kutazama barabarani, kwa sababu kuna mtu alikuwa anakuja.

Ilikuwa siku ya mnada.

Alikuwa mwanamke mwembamba, kanga imefungwa kiunoni, kibuyu cha maziwa ya mgando begani. Alisimama pale anaposimama siku zote, kando ya baiskeli. Aliliona tandiko limefutwa, linang'aa, na uso wake wote ukafunguka kwa furaha.

"Mwangaluka, wanangu," alisema mama yake Stanslaus. "Kumbe amerudi?"

Watu mia na arobaini waliisikia salamu ile, na hakuna hata mmoja aliyeweza kuijibu.